Ukuta wa Mama Mkwe

Nyinyi vijana mnaofunga bodi za jipsamu siku hizi hapa Busia na kule Malaba, mnanifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Mnanifurahisha kwa sababu kazi tuliyoanza kwa kubahatisha, nyinyi mnaifanya kwa mashine. Mnaniudhi kwa sababu nikipita kwenye nyumba mnazojenga nikagonga ukuta kwa kidole, mnanicheka. "Mama Nabwire anapiga hodi kwa ukuta!" Haya, chekeni. Magoti yangu yamechoka, mvua ikiwa njiani yananiambia kabla ya redio, lakini kidole hiki bado kina masikio. Ukuta wa bodi ukigongwa husema kila kitu: nguzo iko wapi, bodi imeshikwa au inaning'inia, na kama fundi alikuwa mtu wa adabu au mtu wa haraka.

Nimegonga kuta nyingi. Kuna mmoja ambao mpaka leo nikiukumbuka nywele zinanisimama, nao ulikuwa wa kwanza kuufanya maishani mwangu. Ndio ninaotaka kuwasimulia.

Kwanza mjue nilivyoingia kwenye kazi hii, maana naona mnadhani nilizaliwa na kisu cha bodi mkononi. Kwetu Bukhayo mwanamume husimamisha nyumba na mwanamke huivisha nguo. Yeye hukata miti, hupigilia fito, hupanda juu kuezeka. Mwanamke hapandi paa, huo ni mwiko. Lakini udongo ni wake. Kusiriba ukuta ni kazi ya kiganja: unachanganya udongo, majivu na mavi ya ng'ombe, unatandaza, unasugua kwa mviringo mpaka ukuta unakuwa laini. Mimi nilikuwa nikiitwa kila mahali. Walikuwa wakisema ukuta wa Nabwire unaweza kuulalia shavu.

Sasa, miaka hiyo ya sabini mambo yalipoharibika ng'ambo, Uganda, watu wengi walivuka mpaka. Mmoja wao alikuwa Fundi Wandera, mtu mrefu, mkimya, aliyekuja na sanduku la vifaa na shati alilovaa. Alikuwa amefunga bodi Kampala, kwenye ofisi za wakubwa. Hapa kwetu hakuna aliyejua bodi ni mnyama gani, kwa hiyo akawa anatengeneza vitanda. Siku moja alipita nyumbani kwa jirani yangu, akasimama mbele ya ukuta niliomaliza kusiriba, akaupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nyabo," akaniita, yaani mama kwa Kiganda, "ni wewe umefanya hii?"

"Ni mimi."

"Na mwiko gani?"

"Mwiko wa nini? Na mkono."

Akauangalia mkono wangu kama mtu anayeangalia mbuzi sokoni. Kisha akasema, "Siku nitapata bodi, nitakuja kukuita." Nikafikiri huyu Mganda jua limempata. Yeye wala hakuwa Mganda, alikuwa Msamia wa upande ule, lakini kwetu kila aliyevuka aliitwa hivyo.

Basi akaja kuniita.

Kulikuwa na karani mmoja wa kutoa mizigo forodhani, jina lake Barasa, mnene, mcheshi, anayejulikana na kila dereva wa lori kutoka Malaba mpaka Busia. Alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya simiti kando ya njia ya kwenda Alupe. Nyumba nzuri, mabati mapya, sakafu ya simiti, ila ndani ilikuwa chumba cha kulala kimoja na sebule kubwa kama kanisa. Mkewe, Nafula, alitoka Osieko, kule ziwani. Na shida iliyokuwa nyumbani humo ilikuwa mama yake Nafula, aliyeitwa Kukhu Taaka. Kukhu, kwetu, ni nyanya.

Kukhu Taaka alikuwa na kidonda mguuni. Alikuwa amekipaka kila dawa ya miti na kila dawa ya duka, nacho kikawa kinakula kuelekea mfupa. Alipofikishwa hospitalini, daktari alisema kidonda kioshwe na kufungwa upya kila siku, bila kukosa hata siku moja, kwa miezi, la sivyo mguu utakatwa. Kutoka Osieko huwezi kuja kila siku. Nyumba ya Barasa ilikuwa karibu na hospitali, baiskeli ya boda ingemfikisha akiwa amekaa kwenye keria kama malkia. Ila kulikuwa na neno moja. Mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake.

Najua nyinyi siku hizi mnakula sahani moja na mama wakwe zenu na kupiga picha pamoja. Sawa, dunia ni yenu. Siku zile Barasa akimwona mama mkwe njiani aliingia kwenye mahindi, na mnene vile, mahindi yote yalijua. Mama mkwe naye alijifunika leso usoni akapita. Tangu amwoe Nafula, hawakuwa wamesemezana hata neno moja. Na msidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima yenyewe ilikuwa kubwa hadi inatisha.

Barasa alijitolea kuhama, akalale ofisini kule forodhani. Kukhu akakataa kupitia kwa binti yake. "Mimi nimfukuze mwanamume kwake? Afadhali mguu uende." Na alikuwa anamaanisha. Wanawake wa kule ziwani wakisema kitu, kimesemwa.

Basi ikabaki kugawa nyumba iwe kama nyumba mbili. Ukuta wa matofali ulihitaji msingi, na kuvunja sakafu. Ukuta wa udongo ulihitaji wiki na wiki ukauke, na ulikuwa msimu wa mvua. Mguu haungengoja. Ndipo Barasa alipokumbuka lori lililokwama Malaba na shehena ya bodi za kwenda ng'ambo. Mwenyewe hakuwa tena na njia ya kuzivusha, akawa anaziuza kwa yeyote anayetaka, tena nyingine zimevunjika pembe. Barasa akauliza kote nani anajua vitu hivyo, akaelekezwa kwa mtengeneza vitanda.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza la kumtafuta fundi, na nawaambia nyinyi mnaojenga pia, siyo mafundi tu. Kabla ya Wandera, seremala mwingine alikuwa amekuja kwa Barasa, akaahidi kumaliza haraka, akasema bodi ni mbao tu. Barasa alimwuliza Wandera swali lilelile: itachukua muda gani? Wandera yeye aliuliza, "Nani atalala upande ule?" Barasa akamweleza habari yote. Wandera akavua kofia. Akasema, "Mimi nitafanya polepole, boss." Akapewa kazi.

Bodi zilifika na wingu jeusi nyuma yake. Tanboi, yule utingo wa lori, alikuwa amelala juu ya turubai kulishikilia lisipeperuke, na Wandera alikuwa akipiga kelele ambazo sikujua anazo. "Maji isiguse! Maji isiguse!" Tulizibeba kwa kukimbia, wima, watu wawili kila bodi, tukazilaza ndani juu ya vipande vya mbao ili zisiguse sakafu. Usiku huo fundi alilala kwenye baraza, ameziachia bodi chumba alichopewa yeye. Mkiajiri fundi, tazameni anavyolaza bodi zake. Akiziegemeza ukutani zipinde, au akiziweka chini kwenye simiti yenye unyevu, mwambieni asante kwa kuja.

Kesho yake aliniita nije nione. Alisimamisha bodi moja. Weupe wa karatasi, ndani jiwe. Nikaigusa, ilikuwa baridi kama jiwe kweli. Akachukua kisu kidogo, cha kukatia ngozi, akaweka ubao ulionyooka, akapitisha kisu mara moja juu ya karatasi. Mkwaruzo tu. Halafu akaweka goti nyuma na kusukuma. Pwa! Jiwe likavunjika, limenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kimevunjika, likabaki limeshikwa na karatasi ya nyuma. Akapitisha kisu tena, vikaachana.

Nilipiga ukelele. Naapa. Mama mzima, nilipiga ukelele wa harusi.

"Hii ni jiwe?" nikamwuliza.

"Ni jiwe ilisagwa, ikapikwa, ikamwagwa kati ya karatasi mbili," akasema. "Watu walitafuta jiwe ambayo inaweza kubebwa na mama mmoja."

Nilikaa chini nikaitazama. Maisha yangu yote ukuta ulikuwa kitu kinachotoka kwenye shimo la udongo nyuma ya nyumba, kwa jasho na mateke. Na hapa kulikuwa na ukuta uliokuja kwa lori, umelala kama karatasi za mwalimu, unangoja kuamshwa. Hata leo nikikata bodi, ile pwa! hunirudishia siku hiyo.

Tukajenga. Wandera alisimamisha nguzo za mbao kwa timazi, akapigilia bodi pande zote mbili. Alinionyesha msumari unavyopigwa: kichwa kibonyee kidogo kwenye karatasi, kisiipasue. Ukipasua karatasi, msumari umeshika hewa. Alinionyesha bodi inavyonyanyuliwa unene wa kidole kutoka sakafuni, kwa sababu sakafu hupigwa deki na bodi hunywa. Maungio ya upande huu yasikutane na maungio ya upande ule. Halafu akanikabidhi kazi yangu, yale maungio. Hakukuwa na utepe, kwa hiyo tulitumia bendeji nyembamba ya dukani. Unapaka uji wa jasi, yaani jipsamu ya unga iliyokorogwa, kwenye ufa, unalaza bendeji, unapaka juu, unaacha ikauke. Kisha mkono wa pili, mpana zaidi. Kisha wa tatu, mpana tena, mwembamba kama utando wa maziwa. Wandera aliufungua mlango, mwanga ukapita kando ya ukuta, akainama akitafuta kivuli cha ungio. Hakukiona. Akanisogezea ndoo ya jasi, nami nikaelewa nimeajiriwa.

Mkimkagua fundi wa maungio, msisimame mbele ya ukuta mkasema ni mzuri. Kila ukuta ni mzuri ukiutazama kwa mbele. Mulikeni tochi kutoka kando.

Dirisha la chumba kipya tulilishusha likawa mlango wa nje, ili Kukhu awe na njia yake. Tukaona tumemaliza. Nafula aliimba siku nzima.

Kukhu Taaka akaletwa. Mwanamke mwembamba, mweusi ti, fimbo mkononi, mguu umefungwa vitambaa hadi gotini. Hakuingia kwanza. Alikaa nje, akanywa maji, akapumzika. Kisha akaingia kwa mlango wake, mimi na Nafula nyuma. Akautazama ukuta. Akanyanyua fimbo akaugonga.

Tu, tu, tu.

"Hii si ukuta," akasema. "Hii ni debe."

Na wakati huohuo, upande wa pili, Barasa maskini, aliyekuwa amejibana kwenye kiti akiogopa hata kupumua, akakohoa. Kikohozi kilikuja juu ya ukuta wazi kabisa, kama yuko kitandani pale. Maana ukuta wetu uliishia usawa wa kuta za matofali, na juu yake kulikuwa na nafasi tupu mpaka kwenye mabati.

Kukhu alivuta leso usoni akatoka nje, mbio kuliko mguu ule ulivyoruhusu. Nafula akaanza kulia. Kukhu alisema atarudi Osieko lori la samaki likipita. Nilimsihi aje kwangu kwanza, kwenye nyumba yangu ya udongo. Akakubali, lakini kwangu kulikuwa ndani huko Bukhayo, mvua ikinyesha njia inakuwa uji, na baiskeli haipiti. Siku iliyofuata hatukufika hospitalini. Jioni nilipomsaidia kunyoosha mguu nilisikia harufu ya kidonda, nikaogopa. Mguu huo ulikuwa unaondoka mbele ya macho yangu kwa sababu ya kikohozi.

Nami niliporudi kwa Barasa nikakuta jambo jingine.

Nafula, kwa uchungu wa mama yake, alikuwa amekwenda kuita wanawake wenzake wa kanisa. Mama kasema siyo ukuta? Basi watauvisha uwe ukuta. Wakachanganya udongo wa mfinyanzi na mavi mabichi ya ng'ombe, mengi, ya heshima, wakausiriba upande wote wa chumba cha Kukhu. Waliufanya kwa nyimbo. Niliwakuta wananawa mikono, wamefurahi, na nakiri kwa macho tu kazi ilikuwa safi.

Lakini bodi inakunywa. Karatasi ilikuwa imeanza kuvimba, inatoa malengelenge kama ngozi iliyoungua. Nilibonyeza kwa kidole, kidole kikazama kama kwenye ugali. Bendeji zangu zilikuwa zinashuka zenyewe. Wanawake wakaacha kunawa.

Wandera aliingia, akaona. "Banange," akasema, ndiyo jamani yao, basi. Nilingoja atukane. Kwetu fundi akiharibiwa kazi hutukana hata babu zako. Yeye alikaa juu ya ndoo akamtazama Nafula aliyekuwa na udongo mpaka viwikoni.

"Mama," akasema, "ulitaka iwe nzito."

"Nilitaka akae," Nafula akajibu. "Nataka tu mama yangu akae."

Wandera akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akanyanyuka na nyundo, akaanza kubandua bodi zilizolowa. Na hapo, vijana, ndipo nilipoona fundi ni nani. Alipokuwa amefungua upande mmoja wote, ukuta uko uchi, nguzo zinaonekana, alimwita Barasa asimame upande wa pili akohoe. Barasa akakohoa. Wandera akaweka sikio kwenye nguzo. Akasogea, akaweka kwenye nguzo nyingine. "Kohoa tena, sebo." Alisikiliza ukuta ule kama mganga anavyosikiliza kifua.

Kisha akatueleza. Sauti ina njia tatu, akasema. Inapita juu, kwa hiyo ukuta lazima ufike mabatini na kuzibwa. Inapita kwenye nguzo, kwa sababu nguzo moja imeshika bodi zote mbili, hivyo upande huu ukitikisika na ule unatikisika. Na inapita kwenye utupu wa katikati, ambao unaimba kama ngoma. Akasimamisha safu ya pili ya nguzo, mbele kidogo ya ile ya kwanza, ili bodi za upande wa Kukhu ziwe na nguzo zake zenyewe zisizogusa za Barasa. Kuta mbili zinazosimama karibu bila kushikana mikono.

"Na katikati?" nikauliza. "Tuweke udongo?"

"Udongo itasukuma bodi. Nataka kitu nyepesi, kavu, yenye imejaa hewa."

Ni Nafula aliyeondoka, akaingia chumbani, akarudi amebeba mikeka ya mafunjo, mizito, iliyosukwa kwa kubana. Ilikuwa ya mama yake. Kukhu aliisuka mwenyewe ikawa sehemu ya vitu Nafula alivyokuja navyo kwa mume, na tangu siku hiyo ilikuwa imekunjwa chini ya kitanda kwa sababu Barasa alinunua makochi. Wandera akaunusa mmoja. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Tuliitundika mikeka ile kati ya safu mbili za nguzo, ikaning'inia bila kubanwa. Juu, kuziba mpaka mabatini, alipanda yeye. Mimi sikupanda, mwiko ni mwiko. Bodi nzima zilikuwa zimekwisha, tukabaki na zile za pembe zilizovunjika, vipande vipande. Vipande vingi maana yake maungio mengi. Nilipaka mpaka vidole vikapasuka. Niliona ni kama mguu wa Kukhu ndio ninaoufunga bendeji, ungio kwa ungio, na nilikuwa nikisali kwa kila mkono ninaopaka.

Kukhu aliletwa tena, safari hii baiskeli ilisukumwa kwenye tope na vijana wawili. Barasa aliwekwa upande wake na kuambiwa akohoe, aimbe, afanye atakavyo. Kukhu akaingia kwa mlango wake. Akausogelea ukuta, akaugonga kwa fimbo.

Dup.

Akagonga tena, akainamisha kichwa. Kule upande wa pili Barasa alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zake zote, tulijua kwa sababu tulimwacha akianza, lakini humu ndani tulisikia mnong'ono tu, kama mtu aliye shambani mbali. Maneno hayakufika.

"Mmetia nini?" Kukhu akauliza.

Nikajibu mimi. "Mikeka yako, Kukhu. Iko ndani."

Akaweka kiganja kwenye ukuta, hapo nilipopaka mkono wa tatu. Akakiacha hapo muda.

"Basi hii ni nyumba yangu," akasema. "Ile ingine ni yake." Akakaa kitandani akanyoosha mguu. "Nani ananipeleka hospitali?"

Mimi nilitoka nje nikalia, na sioni haya kuwaambia. Jiwe lililosagwa, karatasi, bendeji na majani ya ziwani, na watu wawili waliokuwa hawawezi kukaa chini ya paa moja wakakaa. Nimeona majumba makubwa tangu wakati huo, sijaona kitu cha kunishangaza zaidi ya hicho.

Nilikuwa nikija mara kwa mara kuulainisha ukuta kwa msasa na kuupaka rangi sehemu kwa sehemu, kwa sababu jasi ya msimu wa mvua hukauka kwa hiari yake. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa na Kukhu kabla hajapelekwa kufungwa kidonda, tunakunywa uji, mara nikasikia: dup, dup. Karibu na kichwa cha kitanda. Kukhu akachukua fimbo yake bila kugeuka, akagonga mahali palepale: dup, dup. Akaendelea na uji.

"Ni nini hiyo?" nikauliza.

"Mkwe wangu anaenda kazi," akasema. "Ananisalimia."

Nikangoja aende msalani, nikapapasa mahali pale. Nguzo. Nikagonga, nikasikia imeshika pande zote mbili. Kati ya nguzo zote tulizotenganisha kwa taabu ile, moja ilikuwa imevuka na kugusa bodi ya Barasa. Nilimkimbilia Wandera nikiwa na hofu kwamba kazi imeharibika.

"Fundi, kuna nguzo moja ulisahau."

Alikuwa akinoa randa. Hakusimama. "Nyabo, yule mama ni mgonjwa. Akianguka, akiita, sauti haipiti. Sisi wenyewe tumeizuia." Akapuliza vumbi la chuma. "Mtu hawezi kulala mahali akigonga hakuna wa kujibu."

Hakuna aliyemwambia Barasa kuhusu nguzo ile, wala Kukhu. Siku moja mmoja wao aliigonga, labda kwa kiwiko, labda kwa kiti, na mwenzake akajibu. Kutoka hapo ikawa salamu ya kila asubuhi. Watu ambao hawakuwahi kuangaliana usoni wakawa wanaulizana hali kwa ukuta, na desturi haikuwa na la kusema, kwa kuwa desturi ilikataza macho na maneno, haikukataza kugonga.

Kidonda kilifunga. Kilichukua muda, kikafunga kutoka ndani kuja nje, kama daktari alivyotaka. Siku Kukhu aliporudi Osieko alitembea mwenyewe mpaka barabarani, fimbo ameibeba begani kama jembe. Barasa alimwona akija, akaingia kwenye mahindi.

Kesho yake nilikuwa katika chumba kile mapema, nikiziba alama za fimbo kwenye rangi. Zilikuwa nyingi pale pa nguzo. Kitanda kilikuwa kitupu, kimetandikwa vizuri, na chumba kilikuwa na harufu ya dawa na ya mafunjo. Nikasikia upande wa pili viatu, kisha funguo.

Dup, dup.

Mkono uligonga kwa mazoea, bila kuuliza kichwa. Naamini alikumbuka mara tu alipomaliza, maana sikusikia viatu vikiondoka. Alikuwa amesimama pale, yule mtu mnene mcheshi, mbele ya ukuta usio na mtu nyuma yake.

Nilikuwa na uji wa jasi mkononi. Niliuweka chini, nikafuta kidole, nikagonga mara mbili.

Viatu vikaenda kazini.